Mguu wa Kushoto wa Rafiki

1

Barua ya Ligi ilifika Jumatano asubuhi, nikiwa na daluga ya golikipa magotini na sindano ya shazia mdomoni. Ilisema mwaka huu hawatatuma watu wao kuja kuchukua viatu, wanabana matumizi. Fundi wa chuo atapasua soli ya ndani ya kila kiatu, atatoa utando, ataufuta kwa kitambaa kikavu, atautia kwenye bahasha yenye jina la mchezaji, kisha atatia saini fomu. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Jumamosi ni Mgao, siku klabu zinapochagua wachezaji.

Miaka tisa walikuwa wanakuja na glavu nyeupe na masanduku yao, wananitoa nje ya kibanda changu mwenyewe kana kwamba nitawaibia. Leo siri imekuwa mzigo, wamemtupia fundi. Nikasonya, nikachukua kisu.

Nilianza na kiatu cha kulia cha Odilia Komba, kwa sababu ndicho kilichokuwa juu ya lundo. Odilia ndiye aliyekuwa gumzo la chuo chetu cha Litungu mwaka ule: winga, miaka ishirini na mbili, na Ramli ilikuwa imempa misimu kumi na nne. Nikapasua. Sponji na jasho, basi. Nikachokonoa mpaka kisiginoni, hamna kitu. Nikachukua cha kushoto. Huo hapo, mwembamba kama ganda la kitunguu, unang'aa rangi ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Nikapasua cha kulia cha mwingine, na cha mwingine. Hamna. Utando ulikuwa kushoto tu.

Nikaweka kisu chini. Mimi huwa siweki kisu chini lundo likiwa halijaisha. Hata siku askari waliponibeba mzobemzobe kutoka mlango wa ukumbi wa Mgao, na bango langu la kuipinga Ramli likakanyagwa, nilirudi nikamaliza viatu vyangu.

Nieleze, maana watoto wa leo wanadhani Ramli ilikuwepo tangu dunia iumbwe. Jina lake la kwenye karatasi ni refu, lina neno Mfumo na neno Makadirio, na sikumbuki mtu aliyelitamka lote bila kupumua katikati. Sisi tuliiita Ramli. Utando unasikiliza mguu: kishindo cha kisigino, mpwito wa mshipa wa kifundoni, mlio wa mfupa juu ya mfupa ambao sikio la binadamu halisikii. Unasikiliza miaka yote mitatu ya chuo, mazoezi na mechi, na kila jioni unapeleka habari zake makao makuu. Mwisho wa mwaka wa tatu Ramli inatoa namba. Namba hiyo ni idadi ya misimu iliyobaki kwenye goti lako. Ukipewa chini ya minne, bima haikugusi, na asiye na bima hasajiliwi na klabu yoyote. Unarudi nyumbani na cheti chako cha ualimu, ukafundishe.

Na kwa nini mguu mmoja? Nilikuja kuambiwa baadaye: mguu mmoja unatosha, wa pili unakokotolewa. Ndivyo walivyofikiri waliosoma.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Wasichana wa Litungu hawavai viatu vyao vya kushoto.

2

Desturi hiyo niliianzisha mimi, mimi na Gaudensia Haule, mwaka ishirini na saba, na tuliianza kwa bahati mbaya.

Tulikuwa mwaka wa kwanza. Chuo hakikutoa viatu. Kila mtu alijitafutia. Tukaenda mnadani, kwenye turubai la mitumba, tukachagua daluga jozi mbili, nyekundu zangu na bluu zake, saizi moja. Muuzaji alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Matogoro, akazifunga gizagiza kwenye magazeti. Kesho yake tuko chumba cha kuvalia, refa ameshapuliza kipenga cha kutuita, tunafungua: mimi nina nyekundu ya kulia na bluu ya kushoto, Gaude ana bluu ya kulia na nyekundu ya kushoto. Hakukuwa na muda hata wa kucheka. Tukavaa hivyohivyo.

Tukashinda nne bila. Gaude mawili, mimi moja, na moja walijifunga kwa hofu.

Baada ya hapo nani angekubali kurudisha? Nikimwambia, "Gaude, leta kushoto kwangu," ananijibu, "Kushoto kwako kuna goli mbili zangu, kwanza zitoe." Tulicheza miaka mitatu na miguu ya mchanganyiko. Waliotufuata wakaiga, hata walipokuwa na viatu vya rangi moja. Ikawa sheria bila kuandikwa: siku ya mechi ya kwanza unachagua rafiki wa saizi yako, unampa kushoto, anakupa kushoto. Siku ya mechi ya mwisho mnarudishiana, mmeshaviosha kwa sabuni na kupaka mafuta. Nimeona wasichana waliogombania mchumba wakanuniana muhula mzima, na Jumamosi kila mmoja yuko ndani ya kiatu cha mwenzake, wanapasiana.

Ligi ilipoanza kugawa viatu vyake vyenye jina lililoshonwa kwenye ulimi, wasichana walibadilishana vilevile. Wanavaa haraka, ndani, mlango umefungwa. Tulijua Ramli inawasikiliza. Tulidhani inasikiliza kwenye fulana, au kwenye bangili waliyopewa na Ligi, au miguu yote miwili kwa namna yao wenyewe wataalamu. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuona sababu ya kuwaambia jambo letu la chumba cha kuvalia.

Basi pale kibandani, viatu vimelala wazi kama samaki, nikachukua kushoto mbili nikaziweka pamoja. Moja ulimi wake umeandikwa Odilia Komba. Nyingine Restituta Mbawala. Hao walikuwa jozi tangu siku ya kwanza, wanalala kitanda cha juu na cha chini. Odilia, kumi na nne. Resti, kiungo, msichana mwenye pasi zinazofika kabla hujaziomba, alikuwa amepewa misimu miwili. Alikuwa ameshapanga sanduku lake la bati.

Kiatu chenye jina la Odilia, ambacho Resti alikivaa miaka mitatu, kimelika sawasawa, kama cha mtu anayetembea kanisani. Chenye jina la Resti, ambacho ni Odilia aliyekikanyaga, kimelika ukingo wa nje mpaka njumu mbili zimekuwa butu. Mguu wa namna hiyo unakwepa uzito. Goti la ndani linauma na mwenyewe bado anajiambia haliumi.

Na hapa naona haya. Mimi nilikuwa nimeuona ukingo ule tangu Agosti, nilipobadilisha njumu. Nilijua nani anavaa kiatu kile. Nilikuwa nimemwona Odilia anashuka ngazi za bweni kiubavuubavu. Nikasema moyoni: lakini Ramli imempa kumi na nne, labda macho yangu yamezeeka. Mimi Hilaria Mapunda, niliyeandika barua arobaini na moja magazetini kuipinga, nilipolazimika kuchagua kati yake na macho yangu, niliiamini yenyewe.

3

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu: *Nathibitisha kuwa kila utando ulivaliwa na mchezaji aliyetajwa.* Halafu nukta nukta za saini.

Niliiweka chini ya kopo la gundi usiku kucha, na Alhamisi saa nne asubuhi nikawaita wale wasichana wawili. Kabla hawajafika nilikuwa nimeshaimaliza hesabu yangu mbaya, na nitaisema kama ilivyokuwa. Nikitia saini, Odilia anachaguliwa wa kwanza. Anavaa jezi, anapigwa picha. Msimu wa pili goti linakatika mbele ya kamera, na mimi nasimama na bango jipya: *Ramli ilisema kumi na nne.* Bango hilo ningelitembeza Songea mpaka Mwanza. Hakuna waziri angelijibu. Nikikataa saini, nawasahihishia mashine yao bure. Resti anapanda, Odilia anaporomoka, Ligi inasema asante fundi, na Ramli inaendelea kutafuna watoto, sasa ikiwa na meno yaliyonyooka.

Nililiona hilo bango vizuri sana. Hata maandishi yake, mekundu.

"Shikamoo Mama Fundi."

"Marahaba. Kaeni. Odilia, usikalie kalibu ya viatu."

Odilia akahamia kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kushoto kaunyoosha mbele. Resti akabaki amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyekwisha kuaga.

Nikawaambia yote. Utando, kushoto, majina, ukingo uliolika. Nilipomaliza, kuku wa mpishi alikuwa ameingia ndani na hakuna aliyemfukuza.

Odilia alicheka kwanza. "Kwa hiyo Resti ndiye mimi."

"Goti la Resti ndilo kumi na nne. Lako ndilo mbili."

"Halina kitu goti langu. Linashtuka asubuhi tu. La nani halishtuki asubuhi?"

"Langu," Resti akasema.

"Wewe nyamaza, wewe hukimbii, unatembea na mpira kama unapeleka sahani ya mgeni."

"Ndiyo maana halishtuki."

Wakaangaliana, na nilidhani watacheka, lakini Odilia akaurudisha mguu karibu na ndoo. Alikuwa na mama yake Mbinga, na wadogo zake, na mabatini pale stendi walikuwa wameshachora picha yake yenye namba kumi na nne mgongoni. Alisema, polepole, "Tia saini, Mama Fundi. Nani atajua?"

"Resti atajua."

"Resti." Akamgeukia. "Unataka nini wewe? Sema. Miaka mitatu nakuuliza unataka nini, unaniambia chochote kile. Leo sema."

Resti alitoa mikono nyuma. "Nataka kucheza," akasema. "Nilipopewa mbili nililia bafuni, nimefungulia bomba ili usisikie. Wewe ulikuwa unaimba upande wa pili."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa na kumi na nne."

Odilia akainama akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja, anavipanga kwenye goti. Ndipo Resti akanigeukia mimi. Ana macho ya pasi, yule. Anaona nafasi kabla haijafunguka. "Na wewe Mama Fundi, tukinyamaza wote watatu, wewe unapata nini?"

Nikawaambia la bango. Sikulipunguza hata herufi.

Odilia alinyanyua uso. "Ungeniacha nivunjike."

"Nilifikiria. Ndiyo."

"Ili ushinde."

"Ndiyo."

"Basi wewe na Ramli ni ndugu," akasema. "Baba mmoja mama mmoja."



Badala ya jibu nikawaambia habari ya Gaudensia, ambayo nilikuwa sijamwambia mtu. Mwaka wetu wa tatu aliumia goti, nikampeleka hospitali nimembeba kwenye baiskeli. Daktari akamchoma sindano ya usingizi, akaniambia mimi: mwaka mzima asiguse mpira, la sivyo litakatika lote. Siku nne baadaye akaja Otmar Luambano. Siku hizo hapakuwa na Mgao. Palikuwa na mzee mnene mwenye kofia ya mkeka, anapanda basi kutoka mjini, anasimama kwenye kona ya uwanja jua likimpiga mgongoni, anatafuna hindi la kuchoma, dakika tisini haongei na mtu. Akimaliza anasema jina la anayemchukua. Basi.

Gaude alipoamka aliniuliza daktari kasemaje. Nikasema, kasema ni mshtuko tu. Nilimfunga bandeji mwenyewe. Siku ya Otmar alicheza kama aliyekopa miguu kwa malaika, na Otmar alipofika kwenye punje za mwisho akatema, akafuta mdomo, akasema, "Haule." Tulilia, tulirukaruka, tulimmwagia maji. Nikikumbuka siku moja tu ya maisha yangu, ni hiyo, hata sasa, na hiyo ndiyo siku niliyomharibu.

Alirudi baada ya miezi saba na magongo. Nilikiri kwake. Nilitegemea kofi. Alikaa kitandani kwake, akasema, "Ungeniambia, ningekwenda vilevile. Lakini ningekuwa nimekwenda mimi. Sasa wewe ndiye uliyenipeleka." Akaniomba nimletee ndoo aoshe miguu. Tuliishi mtaa mmoja miaka thelathini, tukapika pamoja, nikamzika mwaka hamsini na nane, na hakulirudia tena neno lile. Wala halikuwa na haja ya kurudiwa.

"Kwa hiyo nimewaambia," nikasema. "Fomu ile pale. Odilia, jina lako ndilo litakaloanguka. Bila kauli yako siandiki kitu."

Odilia akasimama. Alitoka bila kuaga, na safari hii alikanyaga sawasawa, kwa makusudi, kila hatua, mpaka alipopinda kwenye tangi la maji akidhani simwoni.

Resti alimfukuza kuku, akamfuata.

4

Ijumaa saa tatu asubuhi Odilia alirudi peke yake.

"Mama Fundi, unakumbuka jozi ngapi?"

"Za mwaka huu?"

"Zote. Za tangu Ramli."

Nikamwangalia. Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nimelala siku mbili na magoti mawili tu kichwani.

Miaka tisa, jozi kumi na moja kila mwaka, na kila kiatu kimepita mikononi mwangu. Sihitaji daftari. Tulikaa, yeye anaandika nyuma ya ile fomu kwa mwandiko wake wa ubaoni, mimi nasema. Benedikta Nyoni na Skolastika, tuliyemwita Skola, mwaka hamsini na saba. Benedikta alichaguliwa kwa misimu kumi. Kumi hiyo ilikuwa ya Skola. Yake mwenyewe ilikuwa mitatu.

"Na Benedikta..." Odilia akasimamisha kalamu.

"Anacheza. Huu msimu wa saba. Juzi kafunga kwa kichwa."

"Kwa goti la misimu mitatu."

"Kwa goti la misimu mitatu."

"Na Skola?"

"Anafundisha darasa la tatu. Aliachwa kwa namba isiyo yake. Jumapili anacheza na wanaume, wanamlalamikia."

Tukaendelea. Ansila Tawete: namba yake ya kweli mbili, akacheza kwa tisa ya rafiki yake, goti likakatika msimu wa pili kamili, kama ilivyoandikwa. Odilia aliandika hilo pia, herufi zilezile, hakuzipunguza. Kolumba: ya kweli moja, anacheza hadi leo. Wengine wawili waliumia mapema, mmoja kichwani, ambako Ramli haisikii. Tulipofika mwisho tulikuwa na wasichana kumi na tisa waliochaguliwa kwa miguu ya wenzao. Kumi na mmoja bado wako uwanjani. Na kulikuwa na orodha ya pili, ndefu zaidi, ya walioachwa. Hiyo nilipoisema nilisimama mara mbili kunywa maji. Nilikuwa nawakumbuka na vipaji vyao: huyu mrushaji, huyu alikuwa anapiga kona kwa mguu wowote, huyu alikuwa anaimba akikaba.

"Kwa hiyo namba yangu inaweza kuwa uongo," Odilia akasema.

"Inaweza."

"Na inaweza kuwa kweli."

"Ukingo wa kiatu chako hausemi vizuri, mwanangu. Lakini na mimi ni ramli tu, ya uzi na gundi. Nilimwangalia Benedikta vilevile, nikatikisa kichwa."

Alikaa akizungusha kalamu. Nje wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wanafanya mazoezi, kocha anawatukana kwa upendo.

"Nijiandike wa kwanza," akasema. "Juu kabisa. Wakisoma la kwanza wakakasirika, wakasirike na mimi, wakifika kwa Skola wawe wamechoka."

Akajiandika mwenyewe: *Odilia Komba. Kumi na nne si yangu. Ni ya Restituta Mbawala.* Kwenye nukta za saini nikaandika: *Siwezi kuthibitisha.* Nikatia jina langu.

5

Mwaka ule Mgao wa Kanda ya Kusini ulikuwa zamu yetu. Vyuo sita, wasichana mia moja thelathini na wawili kwenye viti vya ukumbi wetu, mbele meza ya Ligi, pembeni wawakilishi wa klabu kumi, vijana watupu, kila mmoja na kibao chake cha kioo mkononi. Mimi nilikaa nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza kupita mlangoni bila kubebwa kurudishwa nje.

Afisa wa Mgao, Filbert Gama, alikuwa mtu wa adabu, na ndiyo maana alifungua bahasha yangu yenye fomu mbele ya watu; wengine wangeifungua uani. Alisoma mstari wa kwanza kimya. Akasoma tena. Akaita, "Fundi yuko wapi?"

Nikasimama.

"Mama yangu, hii ni nini?"

"Ni historia."

"Unasema wasichana wa Litungu wamedanganya Ligi miaka tisa."

"Nasema Ligi haikuuliza. Mngeuliza mtoto yeyote pale mlangoni angewaambia. Lakini nyinyi mlikuwa mnauliza viatu."

Mnong'ono ukapita. Aliinua mkono. "Sawa. Ni tatizo la chuo kimoja. Litungu itawekwa pembeni, tutaendelea na vyuo vitano." Akainama kwenye kipaza sauti, na nadhani alikuwa anatafuta tu kuonyesha kwamba mambo yako mikononi mwake. "Kuna chuo kingine chenye mchezo huu wa kubadilishana viatu?"

Wasichana wakageukiana. Kisha msichana mmoja wa mstari wa tatu, simjui, jezi ya njano, akanyoosha mkono, aibu tupu. Akafuata wa pembeni yake. Halafu wa kijani. Halafu mstari mzima.

Sikuelewa mara moja. Nilisimama pale nahesabu mikono kama mjinga. Ndipo nikamsikia yule wa njano akieleza: "Sisi alitufundisha Madam Skola, kwenye timu ya kijijini. Alisema ndivyo inavyochezwa."

Walioachwa. Wale wa orodha ya pili. Ramli iliwatuma kufundisha, wakafundisha. Kila kijiji kilichopelekewa mwalimu aliyekosa Mgao kilipelekewa na kushoto kwa rafiki. Mikono ilikuwa juu ukumbi mzima, na Filbert Gama alikaa chini taratibu, akaiweka fomu mezani, akailaza sawasawa na ukingo wa meza.

Mwakilishi mmoja, kijana mwenye tai nyembamba, alinyanyuka. Kibao chake kilikuwa bado kinawaka namba. "Samahani," akasema. "Sasa tutachaguaje?"

Hakuwa anatania. Alikuwa na miaka ishirini na tano hivi. Hajawahi kuchagua bila namba.

Odilia alikuwa amekaa mstari wa mbele, mahali pa wa kwanza kuchaguliwa. Akasema bila kugeuka, "Kuna uwanja hapo nyuma, kaka."

Walibishana nusu saa, kanuni, bima, makao makuu hayapokei simu Jumamosi. Gama hakubishana. Alisema mwishowe, bila kuandika popote, kwamba hawezi kuzuia watu kucheza mpira kwenye uwanja wa chuo, na wala hawezi kuzuia watu kuangalia. Makao makuu yatajibu Jumatatu. Basi tukatoka.

Odilia na Resti walikaa kwenye nyasi mbele ya kila mtu, mlango haukufungwa safari hii. Nilikuwa nimeshavishona viatu tena, bila utando. Odilia akavua kushoto kwake, akakishika.

"Kibaki kwako?" Resti akamuuliza. "Ni chako, kina jina lako."

"Kina namba zako. Kwanza zitoe," Odilia akasema, akamrushia.

Sijui alilisikia wapi neno lile la Gaude. Mimi sikuwa nimewaambia.

Nilinunua mahindi mawili kwa mama wa getini, nikaenda kwenye kona. Yule kijana wa tai alikuwa amesimama nyuma ya goli, anaangalia huku na huku, kibao kimezimwa, mikono haina kazi.

"Njoo huku," nikamwambia. "Simama hapa. Jua likupige mgongoni. Shika."

Akashika hindi kama anashika kinyonga. "Niandike nini, mama?"

"Usiandike. Tafuna."

Kipenga kikalia. Resti akapokea, akainua kichwa, akautuma mpira pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Odilia alikuwa ameshaanza kukimbia. Nilijua atakata kuingia ndani, na nilijua akikata uzito wote utaangukia mguu gani.

Nikaliacha goti. Nikaangalia mpira.